EVV ya bure ya Texas: inamfaa nani, na pesa hupotelea wapi

Tangu tarehe 1 Oktoba 2023, wakala wa huduma za nyumbani unaolipwa na Medicaid ya Texas, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, unaweza kuthibitisha ziara za wahudumu wake kielektroniki (ndiyo EVV) kwa mfumo wa HHAeXchange bila kulipa senti. Gharama inabebwa na jimbo. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa DataLogic na First Data. Kuwa na mfumo mmoja wa jimbo kumeleta nafuu ya kweli, kwa sababu mhudumu anayehama kutoka wakala mmoja kwenda mwingine aghalabu hukuta skrini ileile aliyoizoea.

Mapitio haya yanaitazama huduma nzima kama inavyomfikia mwenye wakala: programu ya simu, njia nyingine mbili za kuingia na kutoka kazini, meza ya marekebisho, na safari ya taarifa hadi TMHP, ofisi inayopokea madai ya Medicaid kwa niaba ya jimbo, ambako kila ziara inalinganishwa na dai la malipo. Yanamlenga mwenye wakala mdogo. Dallas, Fort Worth na Houston zina Wakenya, Watanzania, Wakongo na Waburundi wengi wanaofanya kazi hii, na baadhi yao wameshapata leseni ya HHSC (idara ya afya ya jimbo) ya huduma za msaada binafsi, wana wateja 5 au 15 wa STAR+PLUS (Medicaid inayoendeshwa na kampuni za bima) au wa Community Attendant Services (mpango wa jimbo wa wahudumu wa nyumbani), na wanataka kukua.

Kwa kazi uliyoundiwa, yaani kurekodi ziara na kuzipeleka jimboni, mfumo huu unastahili nyota nne kati ya tano. Kama chombo cha kuendeshea wakala mzima unapata mbili, kwa sababu haukuundwa kwa kazi hiyo, na anayeulazimisha kuifanya anaumia. Ila jambo kubwa zaidi ni hili: malipo mengi yanayopotea hayapotei pale mhudumu anapobonyeza simu yake. Yanapotea ofisini, siku ile jina la mhudumu na kibali cha saa za huduma za mteja vinapoandikwa. Ziara inaweza kuwa safi kabisa na dai likakataliwa, kwa sababu ya herufi moja iliyoingizwa miezi mitatu nyuma.

Sheria inataka nini

EVV ni uthibitisho wa ziara kwa njia ya kielektroniki. Uliletwa na sheria ya shirikisho iitwayo 21st Century Cures Act, ya Desemba 2016. Kwa huduma za msaada binafsi tarehe iliyowekwa ilikuwa 1 Januari 2020, na Texas, kama majimbo mengi, iliongezewa mwaka mmoja. Kwa huduma za afya za nyumbani tarehe ya shirikisho ilikuwa 1 Januari 2023. Mambo yanayotakiwa ni sita tu: aina ya huduma, aliyehudumiwa, aliyehudumu, tarehe, mahali, na saa ya kuanza na kumaliza. Texas imekwenda hatua moja mbele: dai la huduma inayohitaji EVV lisipokuwa na ziara inayolingana nalo kwenye hifadhi ya jimbo, halilipwi. Hapo ndipo kazi ilipo.

Njia tatu za kuingia na kutoka

Ya kwanza ni programu ya simu, na kila mhudumu mwenye simu janja apewe hiyo. Anachagua mteja, anabonyeza kuingia, mfumo unachukua saa na mahali alipo. Akimaliza kazi anabonyeza kutoka. Mahali panachukuliwa mara hizo mbili tu, si mchana kutwa. Mweleze hivyo siku ya kwanza, tena kwa lugha anayoielewa vizuri, maana woga wa kufuatiliwa ndio unaowafanya wahudumu wazime ruhusa ya mahali kwenye simu zao. Ruhusa ikizimwa, ziara inaingia na pengo na inabaki kusubiri mtu wa ofisini. Kwenye simu za Android angalia pia hali ya kubana betri, ambayo huzuia programu kusoma mahali hata kama ruhusa imetolewa.

Mtandao ukikatika, programu ina uwezo wa kurekodi bila mtandao na kutuma baadaye. Hili ni jambo zuri kwa wateja wanaokaa nje ya miji. Hatari yake ni kwamba ziara ambayo haijatumwa inakaa ndani ya simu peke yake: mhudumu akifuta programu au akinunua simu mpya kabla ya kurudi kwenye mtandao, ziara imekwenda. Mfundishe kufungua programu jioni akiwa na mtandao na kuhakikisha hakuna kilichobaki.

Ya pili ni simu ya mezani ya mteja. Mhudumu anapiga namba isiyotozwa, anaingiza namba yake ya utambulisho, na mfumo unaitambua nyumba kwa namba inayopiga. Inafanya kazi vizuri sana kwa wazee ambao bado wana simu hiyo. Inaharibika pale ofisi inapoandika namba ya mkononi ya mteja kwenye nafasi ya simu ya mezani. Mfumo huzigundua namba hizo, na wakala hutakiwa kurekebisha au kutoa uthibitisho. Usiandike namba kwa kuambiwa tu kwamba ni ya nyumbani. Uliza inatoka kampuni gani, na kama imeunganishwa ukutani au la.

Ya tatu ni kifaa mbadala, kidude kidogo kinachoonyesha namba zinazobadilika. Mhudumu anaandika namba iliyopo anapofika na iliyopo anapoondoka, kisha anazituma. Kinatolewa bure. Kinafaa kwa nyumba isiyo na simu wala mtandao, na kwa mhudumu asiye na simu janja. Lakini kifaa lazima kikae nyumbani kwa mteja wakati wote. Mhudumu anayekitia mkobani ili aandike namba akiwa kwake anatengeneza ziara za uongo, na hilo si kosa la ofisi tena, ni udanganyifu dhidi ya Medicaid. Kila msimamizi anapotembelea nyumba aombe kukiona kifaa kwa macho yake.

Kuhusu mahali: huduma hailazimiki kuwa ndani ya nyumba ya mteja kila mara. Mhudumu anaweza kumpeleka mteja dukani au kumkuta kwa mwanawe, na mfumo una nafasi ya kuchagua nyumba ya mteja, nyumba ya familia, ya jirani, jamii au kwingineko. Wahudumu wengi hawalijui hili, kwa hiyo hungoja hadi wamrudishe mteja nyumbani ndipo wabonyeze, na saa nzima ya kazi inabaki bila rekodi.

Majina

Hapa wakala za watu wetu huumia kuliko za wengine, na sababu inaeleweka. Mfumo humtambua mhudumu kwa jina lake la ukoo pamoja na tarakimu nne za mwisho za namba yake ya Social Security. Sasa mtazame mhudumu aliyezaliwa Bujumbura, Goma au Tanga. Ana jina lake, jina la baba na jina la babu. Wengine huandikwa jina la ukoo kwanza. Aliyekuja kama mkimbizi mwenye jina moja huenda kitambulisho chake kinasema FNU pale panapotakiwa jina la kwanza, yaani jina la kwanza halijulikani, na jina lake lote limekaa sehemu ya ukoo. Mtu huyohuyo kwenye orodha ya mishahara ameandikwa kwa namna moja, kwenye leseni ya udereva kwa nyingine, na kwenye EVV kama alivyojitambulisha kwa mdomo.

Dawa ni moja: nakili jina kutoka kwenye kadi ya Social Security, herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi, na jina hilohilo litumike kwenye fomu ya I-9 (ya kuthibitisha ruhusa ya kufanya kazi), kwenye mishahara, kwenye uchunguzi wa Employee Misconduct Registry (orodha ya jimbo ya wahudumu waliopatikana na makosa) na kwenye EVV. Usimwombe mhudumu alitaje, iangalie kadi. Akiolewa au akibadilisha jina, subiri kadi mpya, kisha urekebishe wasifu uliopo. Kumfungulia wasifu wa pili ni kosa kubwa, kwa sababu ziara zake zitagawanyika kwa watu wawili na zile za wasifu wa zamani zitakuwa ngumu kurekebisha.

Siku hiyohiyo ya kumwandikisha, maliza na mengine: I-9 ndani ya siku tatu za kazi tangu alipoanza, na jina lake litafutwe kwenye orodha za waliozuiwa kufanya kazi inayolipwa na Medicaid, ya shirikisho na ya jimbo. Orodha hizo za waliozuiwa hurudiwa kila mwezi. Mfumo wa EVV haukufanyii hilo, na ziara ya mtu aliyezuiwa inaweza kupita vizuri kabisa hadi siku jimbo litakapodai pesa zake zirudishwe.

Kibali cha mteja

Kibali kinakuja kwa Fomu 2101 kutoka HHSC au kwa barua ya kampuni ya STAR+PLUS. Kabla hakijaingizwa, soma vitu vinne: tarehe ya kuanza na ya kuisha, saa kwa wiki, namba ya huduma, na viambishi vinavyoifuata namba hiyo. S5125 ni huduma ya mhudumu kwa kila dakika 15. T1019 ni huduma binafsi, nayo kwa kila dakika 15. Zinafanana kwa macho ya mwandishi aliyechoka, lakini kwa kompyuta ya TMHP ni huduma mbili tofauti. Viambishi navyo hubadilika kulingana na mpango wa mteja, kwa hiyo usinakili vya mteja wa jana.

Kila dakika 15 ni yuniti moja. Mteja wa saa 20 kwa wiki ana yuniti 80. Muda unazungushwa kwenye robo saa iliyo karibu: dakika 7 za ziada zinashuka, dakika 8 zinapanda. Mhudumu aliyepangiwa saa 4 akikaa saa 4 na dakika 6, anahesabiwa saa 4. Akikaa saa 4 na dakika 8, anahesabiwa saa 4 na robo. Akifanya hivyo siku tano, wiki ina yuniti 85, na tano hazina kibali. Kampuni ya bima hailipi hizo, lakini mhudumu alikuwa kazini na lazima alipwe. Kwa mteja mmoja ni saa moja na robo kwa wiki. Kwa wateja 15 ni karibu saa 19 unazolipa mfukoni. Mwambie mhudumu aweke kengele ya simu dakika 5 kabla ya kumaliza, na mratibu aangalie jumla ya saa za kila mteja ifikapo Alhamisi, wakati bado siku za mwisho za wiki zinaweza kupunguzwa.

Jambo la mwisho kuhusu kibali: mteja wa STAR+PLUS anaweza kubadilisha kampuni, na kwa kawaida mabadiliko huanza tarehe 1 ya mwezi. Hakuna atakayekupigia simu. Ziara zitaendelea kurekodiwa chini ya kampuni ya zamani, na utagundua wiki kadhaa baadaye. Siku ya kwanza ya kazi ya kila mwezi, mtu mmoja apitie wateja wote kwenye TexMedConnect, tovuti ya TMHP, na kuhakiki kampuni na uhai wa Medicaid yao. Kwa wateja 15 ni kazi ya asubuhi moja, na hakuna asubuhi nyingine ya mwezi yenye faida kuliko hiyo.

Dai linapokataliwa

Madai ya huduma zenye EVV hupelekwa TMHP hata kama mlipaji ni kampuni binafsi. TMHP hulinganisha na ziara, kisha huyapeleka kwa kampuni. Majibu huja kwa namba, na ukizijua namba unajua pa kwenda bila kupiga simu. EVV01 maana yake limelingana. EVV02, namba ya Medicaid ya mteja haikulingana. EVV03, tarehe. EVV04, namba ya mtoa huduma, yaani wakala. EVV05, huduma au viambishi vyake. EVV06, idadi ya yuniti.

EVV03 mara nyingi hutokana na kuandika dai moja kwa siku nyingi, tuseme tarehe 3 hadi 9, wakati ziara zilikuwa za siku tano tu. Andika kila siku kwenye mstari wake. Ni kazi zaidi, lakini mstari mmoja ukikataliwa minne mingine inalipwa. EVV05 irudishe kwenye kibali. EVV06 ilinganishe na ziara baada ya kuzungushwa, si na saa ulizopanga.

Kosa lingine ni haraka. Ziara ikishakamilika hutumwa kwenye hifadhi ya jimbo, na huko inakubaliwa au inakataliwa. Anayetuma dai kabla ya kuona ziara imekubaliwa anajitengenezea kukataliwa. Angalia kwanza kwenye tovuti ya EVV ya TMHP, si kwenye skrini ya HHAeXchange peke yake. Kwamba ziara imethibitishwa upande mmoja haina maana imepokelewa upande wa pili, na hapa mfumo unapoteza nyota yake moja: mwenye wakala analazimika kuishi kwenye tovuti mbili.

Siku 95

Ziara inaweza kurekebishwa ndani ya siku 95 tangu tarehe yake. Dai nalo lina siku 95. Watu husoma hivyo na kuona muda ni mwingi. Lakini saa hizo mbili zinakwenda pamoja, hazifuatani. Anayerekebisha ziara siku ya 90 ana siku tano za kutuma, kusubiri hifadhi ikubali, kutuma dai, kupata jibu na kusahihisha. Ziara ikikataliwa mara moja, muda umekwisha. Baada ya hapo mlango hufungwa, na kuufungua ni kwa maombi maalumu, si kwa haki.

Ratiba inayofanya kazi kwa wakala mdogo ni ya wiki. Kila asubuhi mratibu afungue orodha ya ziara za jana zenye dosari na ampigie mhudumu wakati bado anakumbuka. Jumanne ziara zote za wiki iliyopita ziwe zimerekebishwa. Jumatano zihakikiwe kwenye tovuti ya TMHP. Alhamisi madai yatumwe. Ijumaa majibu ya wiki iliyotangulia yasomwe na yaliyokataliwa yashughulikiwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni kalenda hiyo.

Sababu ya kukaza hivi ni pesa taslimu. Tuseme una wateja 15 wa saa 20 kwa wiki, nawe unalipa dola 13 kwa saa. Mishahara ya wiki ni dola 3,900. Ongeza sehemu yako ya kodi za Social Security na Medicare, asilimia 7.65, inakuwa karibu dola 4,200. Sheria ya Texas inataka wafanyakazi wa saa walipwe angalau mara mbili kwa mwezi, bima iwe imekulipa au haijakulipa. Madai yakikwama wiki nne, umetoa karibu dola 16,800 ambazo hazijarudi. Wakala nyingi zilizofungwa zilikuwa na wateja wa kutosha. Kilichokosekana ni pesa za kuvuka wiki hizo nne. Na mshahara wa msingi wa wahudumu uliowekwa na jimbo, uliopanda kutoka dola 8.11 hadi 10.60 mwezi Septemba 2023, haujasimama hapo, kwa hiyo akiba ya mwaka juzi haitoshi tena.

Kila marekebisho yanahitaji namba ya sababu, na mengine yanadai maelezo ya maandishi. Andika sentensi inayojitegemea: nani alisahau nini, saa halisi ilikuwa ngapi, na nani alithibitisha. Neno moja kama «alisahau» halitakusaidia mkaguzi akifika.

Kuna pia alama ya matumizi inayohesabiwa kila robo mwaka, na kiwango cha chini ni asilimia 80. Inashushwa na ziara zilizoingizwa kwa mkono na zile zilizokataliwa na hifadhi. Usiitazame mwisho wa robo. Itazame kwa mhudumu mmoja mmoja, kila wiki mbili. Utakuta watatu kati ya kumi na wawili ndio wanaoiburuta, na kati ya hao mmoja ana simu mbovu. Kumnunulia simu ya bei nafuu ni rahisi kuliko kumfokea.

Mfumo usichokufanyia

Hauhesabu safari. Mhudumu akitoka kwa mteja wa kwanza kwenda kwa wa pili siku hiyohiyo, dakika 25 za barabarani hazimo kwenye EVV wala kwenye dai, lakini ni muda wa kazi. Kwa kanuni ya shirikisho iliyoanza kutumika mwaka 2015, mhudumu aliyeajiriwa na wakala ana haki ya mshahara wa chini na ya malipo ya saa za ziada, mara moja na nusu, akizidi saa 40 kwa wiki. Mwaka 2025 Wizara ya Kazi ilitoa pendekezo la kuirudisha nyuma kanuni hiyo, kwa hiyo hakikisha hali ilivyo kabla ya kupanga bajeti. Kwa vyovyote, anayelipa mishahara kwa kunakili saa za EVV bila kuongeza safari anajijengea deni. Suluhisho jepesi ni kupanga wateja wa mhudumu mmoja wawe mtaa mmoja, na kuwa na fomu ya safari inayoletwa kila wiki.

Haukutafutii wahudumu, haukukumbushi vyeti vilivyoisha, na haukwambii kwamba mteja fulani hajatembelewa na msimamizi. Kwa hayo, jedwali la kawaida la kompyuta lenye tarehe za mwisho linatosha hadi wateja 30 au 40. Ofisi yenye mratibu mmoja makini inaweza kufika hapo kwa mfumo wa bure bila shida.

Kukua, na wakati wa kulipia mfumo wako

Texas inakuruhusu kutumia mfumo wako mwenyewe wa EVV, mradi upite majaribio ya utayari ya jimbo na gharama zote uzibebe. Inafaa ukiwa na wateja wanaojilipia wenyewe wengi kiasi cha kuhitaji ankara na ratiba mahali pamoja, au ukiwa na ofisi katika jimbo jingine, au mishahara ya watu 60 inapoingizwa upya kwa mkono kila wiki mbili. Haifai kama sababu yako ni madai yanayokataliwa. Mfumo wa kulipia utapeleka jina lililokosewa TMHP kwa kasi ileile, nawe utakuwa unalipa kwa mwezi.

Wanaotaka kuvuka kutoka huduma za msaada binafsi hadi uuguzi wa nyumbani unaolipwa na Medicare (bima ya wazee, si Medicaid) wajue kwamba huko EVV si sharti la Medicare, na saa zinazobana ni nyingine kabisa. Ziara ya kwanza ya tathmini ni ndani ya saa 48 tangu rufaa au tangu mgonjwa arudi nyumbani, au siku aliyoagiza daktari. Tathmini ya OASIS, fomu ya hali ya mgonjwa, ikamilike ndani ya siku 5 tangu huduma ianze. Taarifa ya kumpokea mgonjwa itumwe ndani ya siku 5 hizo. Kila siku ya kuchelewa hukata sehemu moja ya 30 ya malipo ya kipindi. Ofisi ambayo bado inapambana kufunga ziara za wiki iliyopita ifikapo Jumanne isiguse mlango huo kwanza.

Ukiamua kununua mfumo, usiridhike na maonyesho ya ratiba zenye rangi. Mwombe muuzaji akuonyeshe, papo hapo kwenye skrini, ziara iliyokataliwa na hifadhi ya jimbo: imekataliwa kwa sababu gani, inasahihishwa wapi, inatumwaje tena, na jibu jipya linaonekana baada ya muda gani. Kisha muulize kama unaweza kutoa ziara zako zote, pamoja na marekebisho na sababu zake, kwenye faili unayoweza kuifungua bila yeye, hata baada ya mkataba kwisha. Majibu ya maswali hayo mawili yaandikwe ndani ya mkataba kabla ya sahihi.